Laptopu moja, spika za ukumbi na hedifoni ya VJ

Watu wakienda kibanda cha muvi hapa Kampala wanafikiri kazi yote iko kwenye mdomo wa VJ, yule anayeitafsiri muvi kwa maiki papo hapo. Mimi ndiyo nafungaga mitambo, na nakwambia nusu ya kazi iko kwenye njia za sauti, maana laptopu ni moja na inatakiwa itoe vitu viwili kwa wakati mmoja, ukumbi usikie muvi pamoja na VJ anavyotafsiri kwa Kiganda, na VJ mwenyewe kwenye hedifoni asikie muvi tu. Sauti yake ikimrudia masikioni imechelewa kidogo ulimi unagongana, anaanza kubabaika, na watu waliolipa kiingilio hawana huruma banange.

Sasa Windows kawaida inatoa sauti sehemu moja, ile uliyoiweka default, yaani chaguo la kawaida. Tangu 2018, kwenye Windows 10 toleo la 1803, unaweza kuipangia kila programu pa kutokea, mfano VLC ya kuchezea muvi iende spika kubwa na brauza iende hedifoni (Windows 11 iko kwenye Sound halafu Volume mixer). Kama shida yako ni hiyo tu usidaunlodi kitu. Lakini sauti ileile itoke sehemu mbili, hapo haikusaidii. Kuna Stereo Mix nayo, ile ya Windows inayonasa sauti inayotoka ili uipeleke kwingine, inafanya kazi kama drayva yako inayo, ila inachelewesha, siipendi. Na kile kiwaya cha jeki moja kutoka mbili, kwa watu wawili wanaangalia muvi kwenye basi la Gulu ni safi kabisa, hakicheleweshi chochote, ila wote mnasikia kitu kimoja, maiki ya VJ hutaitenga humo.

Mimi natumia Voicemeeter Banana ya VB-Audio, programu ya kuchanganya na kugawa sauti ndani ya laptopu, ni ya bure, ikikufaa unawachangia. Unaiinstoli, unarestati, unaweka Voicemeeter Input iwe default, halafu juu kulia A1 unachagua kadi ya sauti inayoenda kwa amplifaya na A2 kadi ndogo ya USB yenye hedifoni. Hiyo ya USB usiikwepe, kwa sababu laptopu nyingi jeki na spika za ndani ni kadi moja, ukichomeka waya spika zinanyamaza. Baada ya hapo, kwenye dirisha la Voicemeeter, mstari wa muvi unawasha batani za A1 na A2, mstari wa maiki unawasha A1 peke yake. Basi, VJ hajisikii, ukumbi unamsikia.

Kinachosumbua watu ni muda. Kila kadi ina kristali yake ya kuhesabu muda, hata uziandike zote 48000 (sampuli za sauti kwa sekunde) moja itaitangulia nyingine kidogo kidogo, muvi ikienda mbele unaanza kusikia vikwaruzo. Voicemeeter inafuata saa ya A1 na hizo zingine zinarekebishwa ziifuate, kwa hiyo kadi yako nzuri ndiyo iwe A1. Wenye Mac wana programu ya Audio MIDI Setup humo humo, unatengeneza Multi-Output Device na kutiki Drift Correction kwenye kadi ya pili, ila batani za voliumu kwenye kibodi zinakuwa hazifanyi kitu.

Halafu Bluetooth. Mwenye kibanda mmoja aling'ang'ania tuongeze spika ya Bluetooth kule nyuma, nikakataa. Bluetooth inaweza kuchelewa milisekunde 200, na kwa muda huo sauti hewani inatembea karibu mita 68, yaani ni kama hiyo spika umeiweka ng'ambo ya pili ya uwanja wa mpira. Bunduki inalia mara mbili! Vuta waya tu, hata uwe mrefu.

Na umeme ukikatika ukarudi, Voicemeeter mara nyingine inakaa kimya wakati taa zote zinawaka, usianze kuchomoa nyaya, nenda Menu bonyeza Restart Audio Engine, kama bado angalia A1 haijajibadilisha jina.