Nywele zilinyonyoka kwa mafungu: jinsi nilivyotatua

Kila nilipochana, kitana kilitoka kimejaa, ingawa kichwani hapakuwa na mba wala kidonda. Kilichonifungua macho ni unywele mmoja niliouinua kwenye mwanga: upande wa mzizi ulikuwa na kijivimbe cheupe, kidogo kama kichwa cha pini. Yaani haukukatika. Ulikuwa umemaliza zamu yake, ukang'oka.

Kila unywele una mzunguko wake. Hukua kwa miaka 2 hadi 6, takriban sentimita 1 kwa mwezi, kisha husinyaa mzizini kwa wiki chache na kupumzika kama miezi 3 kabla ya kudondoka. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Lakini homa kali, kujifungua, upasuaji au kujinyima chakula huweza kuzipeleka nywele nyingi mapumzikoni kwa pamoja, nazo hudondoka miezi 2 au 3 baadaye, wakati mtu keshasahau alichougua. Hapo nikaikumbuka homa iliyonilaza kitandani.

Daktari alinipima damu. Tezi ya shingo ilikuwa sawa, ila akiba ya madini ya chuma ilikuwa chini. Nikameza vidonge alivyoniandikia (bila kipimo usivimeze, chuma kikizidi hudhuru), nikala vizuri, nikaacha misuko ya kukaza. Mafuta ya kukuza nywele sikuyanunua. Tatizo halikuwa juu ya ngozi.

Mnyonyoko ukapungua taratibu, kisha vinywele vifupi vikachomoza kwenye paji la uso. Kwa kasi yake, vitachukua zaidi ya miaka 2 kufika mabegani.