Refa aliyenipa shikamoo

Ilikuwa Jumapili asubuhi, na mvua ile ya Uingereza ambayo hainyeshi wala haikatiki. Timu ya mwanangu ilikuwa nyuma bao moja. Watoto wa chini ya miaka 12, tisa kwa tisa. Wapinzani wakapata mpira wa kurusha karibu na katikati, na kijana wao mmoja alikuwa amejisimamia peke yake nyuma ya mabeki wetu kama mtu anayesubiri basi. Mpira ukarushwa, ukampita kila mtu, akaupokea, akafunga. Refa akapuliza filimbi na kuonyesha katikati. Bao.

Nikapandwa na jazba. Nilikuwa nyuma ya ile kamba ya wazazi, mwavuli mkononi, na mdomo ukafunguka wenyewe: "Ameotea huyo! Wewe refa, umelala? Kipofu wewe! Hivi nani amekupa hiyo filimbi?" Nikaongeza na jingine ambalo siliandiki hapa, maana mama mkwe huwa anasoma mambo yangu.

Yote hayo kwa Kiswahili.

Anayeishi nje atanielewa. Lugha yetu huku ni kichaka cha kujifichia. Unamsema mtu kwenye basi naye kakaa kiti cha mbele yako, unalalamika kwenye foleni kwa sauti ya kawaida, unamwambia mkeo ndani ya lifti kwamba huyu bwana mbona ananuka sigara hivi. Hakuna anayegeuka. Ukizoea miaka kumi na miwili, unasahau kwamba maneno bado ni maneno. Wazazi wengine pale wanapiga kelele kwa Kiingereza na kocha anawaangalia kwa jicho baya. Mimi nilikuwa natukana kwa raha zangu, na wenzangu wakidhani nawatia moyo watoto.

Mechi ikaisha, tukafungwa tatu. Watoto wakapeana mikono, refa akaanza kuzunguka kung'oa vibendera vya kona. Ndipo nilipomwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Msichana wa miaka kumi na mitano hivi, nywele kazisuka na kuzifunga nyuma, bukta imemzidi kidogo, na kwenye mkono wa kushoto kavaa kitambaa cha zambarau. Akaja upande wetu na vibendera kwapani. Alipofika usawa wangu akapunguza mwendo.

"Shikamoo."

Kama angenijibu tusi ningepumua. Kama angecheka, kama angeniripoti, ningejua la kufanya. Lakini ilikuwa shikamoo ya kawaida kabisa, ya mtoto aliyefundishwa nyumbani, macho chini kidogo. Nikaitika marahaba. Ungefanyaje? Shikamoo haiachwi ikining'inia hewani. Ila nakwambia, neno hilo nimeliitika maisha yangu yote na siku hiyo lilikataa kutoka, likatoka nusu.

Kwenye gari kimya. Tulipofika kwenye taa za barabarani mwanangu akasema, bila kuniangalia, "Baba, mpira wa kurusha hauna kuotea."

Na kweli. Sheria ya 11 ya mpira wa miguu iko wazi: hakuna kosa la kuotea ukipokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye mpira wa kurusha, kona, au mpira wa goli. Nimetazama mpira tangu nikiwa na meno ya utoto na nilikuwa sijui. Yule binti alijua. Alikuwa sahihi, nami nilimwita kipofu.

Sasa, ningeweza kuishia hapo na kusema nilikosa, basi. Lakini jambo hili lilinikaa wiki nzima, na kilichonisumbua hakikuwa sheria ya 11. Kazi yangu ni kutunza wazee. Nina mzee mmoja ananiita jina ambalo si langu na ananirushia kijiko karibu kila jioni, na sijawahi kumpandishia sauti. Msimamizi wangu ni kijana niliyemzidi miaka ishirini. Ananibadilishia zamu Ijumaa usiku kwa ujumbe wa simu, nami najibu, "Sawa, hakuna shida." Mwenye nyumba, benki, watu wa viza, wote hao nawajibu hakuna shida. Wiki nzima nameza. Halafu Jumapili nasimama nyuma ya kamba, na mbele yangu kuna mtu mwenye mamlaka, mwenye filimbi na kadi, ambaye nikimfokea sifukuzwi kazi wala siandikiwi barua. Katika nchi hii nzima, alikuwa ndiye pekee mwenye mamlaka niliyeweza kumfokea. Na alikuwa mtoto.

Sisemi wazazi wote wanaofoka wana sababu hii. Kuna wanaodhani mtoto wao ni Messi na refa ndiye anayemzuia. Na hilo linachekesha, kwa sababu huku watoto wa umri wa miaka 11 kushuka chini hawawekewi hata msimamo wa ligi hadharani, makusudi kabisa, ili watu wazima watulie. Hawatulii. Wanaandika msimamo wao wenyewe kwenye simu.

Wiki mbili baadaye nilikutana na mama yake yule binti. Mtanzania mwenzetu, kumbe wanaishi mitaa miwili tu kutoka kwangu. Nilimfuata mimi, nikamwambia, "Dada, mimi ndiye yule wa Jumapili ile." Akaniangalia. "Najua, kaka. Aliniambia kuna mzee mmoja anatukana Kiswahili kizuri." Sikujua nicheke au niombe ardhi ipasuke.

Tukakaa kwenye gari lake akanieleza. Huku England unaweza kusajiliwa kuwa mwamuzi ukiwa na miaka 14. Unasoma kozi, sehemu kwenye kompyuta na sehemu uwanjani, kisha unaanza kupangiwa mechi za watoto wadogo kuliko wewe. Unalipwa hela ya kijana, ya vocha na viatu. Kitambaa kile cha rangi kina maana yake: huyu hajafikisha miaka 18, ukimtukana unahesabiwa umetukana mtoto, na shauri linaweza kufika kwa watu wa ulinzi wa watoto. Mimi nilikuwa nimekiona. Nilidhani ni urembo.

Mechi yake ya tatu, akasema mama yake, baba mmoja alimfuata mpaka maegesho akimwuliza kama anajua anachokifanya. Hakumgusa. Alitembea nyuma yake tu, akirudia swali lile lile. Tangu siku hiyo mama haachi kwenda, hukaa ndani ya gari kioo kimeshushwa nusu, injini imezimwa ili asikie. "Tatizo si kelele," aliniambia. "Kelele anazizoea. Tatizo akirudi nyumbani ananiuliza, mama, hivi kweli ile haikuwa penalti? Saa nne usiku bado ananiuliza." Wenzake aliosoma nao kozi wengi wameshaacha.

FA, chama cha soka cha huku, hakijakaa kimya, tuwe wa haki. Kampeni yao ya heshima uwanjani ilianza 2008. Baadaye wakajaribu kwenye ligi 31 utaratibu wa kumtoa nje kwa muda, dakika 10 kwa mechi ya dakika 90, mchezaji anayembishia refa. Ubishi ukapungua kwa asilimia 38, na kuanzia msimu wa 2019/20 ukasambazwa kwenye soka la ngazi za chini. Mimi naukubali. Lakini unamtoa mchezaji. Baba aliye nyuma ya kamba unamtoa vipi, akakae wapi? Mwaka 2023 wakaanza majaribio ya waamuzi kuvaa kamera kifuani, Middlesbrough ikiwa ya kwanza, kwenye ligi za watu wazima. Kuna na wikiendi za kimya, ambapo mzazi anaruhusiwa kupiga makofi tu. Wazo hilo Ohio, Marekani, walishalijaribu mwaka 1999. Ligi nyingine hugawa pipi za kijiti ili mdomo uwe na kazi ya kufanya. Nimewahi kushika pipi hiyo. Mwanamume mzima, ndevu zina mvi, nanyonya pipi ya zambarau kwenye tope. Ilifanya kazi, nakiri.

Wako wanaosema tunakuza mambo, kelele ni sehemu ya mpira. Hao huwa nawatajia Uholanzi. Tarehe 2 Desemba 2012, mjini Almere, Richard Nieuwenhuizen alijitolea kushika kibendera kwenye mechi ya timu ya mwanawe. Hakuwa mwamuzi wa kulipwa, alikuwa baba tu, kama mimi. Baada ya mechi vijana wa timu pinzani walimvamia kwa ngumi na mateke, na kesho yake akafariki. Alikuwa na miaka 41. Vijana kadhaa walifungwa, pamoja na baba wa mmoja wao. Wikiendi iliyofuata nchi nzima ilifuta mechi za soka la ridhaa. Kila nikiisoma habari hii nakwama hapo kwenye yule baba. Sijiulizi alichofanya siku ile. Najiuliza wikiendi zilizotangulia alikuwa akisema nini pembeni mwa uwanja, na mwanawe akisikia.

Basi mimi nikajifanya mwerevu, nikajitolea kushika kibendera. Ngazi hii ya chini kila timu hutoa mzazi mmoja. Nikadhani ukiwa na kibendera unakuwa na kazi, huna nafasi ya kufoka. Dakika ya ishirini straika wetu akapenya, nikaona kabisa amemzidi beki wa mwisho hatua moja, nikanyanyua. Refa, kijana mwembamba mwenye kitambaa kile kile, akapuliza. Nyuma yangu nikasikia sauti ya rafiki yangu, mtu tunayekula naye, mtu aliyenisaidia kubeba makochi nilipohama: "Upo upande gani wewe?" Akaendelea hivyo hivyo hadi mapumziko. Mgongo ulikuwa unawaka. Mara iliyofuata mpira ulipopigwa mbele, namwambia ukweli msomaji, mkono ulisita. Sina hakika mpaka leo kama yule aliotea. Niliacha.

Nina miaka arobaini na sita, na mkono ulisita.

Yule binti bado anachezesha. Siku hizi akiniona ananisalimia kwa mbali, amenyoosha mkono wenye filimbi, na mimi naitika kwa sauti nzima. Mwanangu ndiye kaleta jipya. Atatimiza miaka 14 mwezi wa kumi na moja, na juzi kaniletea simu nithibitishe fomu. Anataka kozi ya uamuzi. Anasema anataka hela yake mwenyewe, ila najua amekuwa akikaa na yule binti baada ya mazoezi, wanabishana sheria ya kushika mpira kwa mkono kama mawakili.

Mama wa mwanangu kaniuliza swali moja tu kabla sijabonyeza. Siku mtu akimwita mtoto wetu kipofu mbele yangu, nitaweza kusimama pale na kunyamaza?

Fomu imeenda. Swali lake sijalijibu.