Dawa za kusisimua na pumzi ya aliyelala nusu kaputi

Wanafunzi ninaowafundisha kazi ya usingizi huniuliza sana: mgonjwa akichelewa kupumua vizuri baada ya upasuaji, si tumchome tu dawa ya kusisimua pumzi?

Tatizo ni nini kimemlaza. Mtu akiwa macho, hewa ukaa ikijaa kwenye damu, shina la ubongo huamuru kifua kifanye kazi. Isoflureni na sevoflureni, gesi za kumlaza mgonjwa, hulizubaisha shina hilo. Pia huvizubaisha vihisio vya shingoni vinavyotoa taarifa oksijeni inapopungua, na kwa hivyo hata mabaki kidogo ya gesi yanatosha kuidhoofisha pumzi.

Doksapramu, dawa ya kusisimua pumzi wanayoiulizia, huviamsha vihisio hivyo. Nimewahi kuushika mfuko wa mashine ya kupumulia ukiwa unatikisika kidogo tu, kisha dawa ikaingia mshipani, na kabla dakika haijaisha mfuko ukawa unanywea na kujaa kwa nguvu kiganjani. Inafurahisha kuona! Lakini nguvu ya dozi moja hudumu kama dakika 5 hadi 12, na mofini, dawa ya maumivu inayopunguza pumzi, bado imo mwilini. Tena presha inapanda, moyo unakwenda mbio, na dozi ikizidi mgonjwa anaweza kupata degedege.

Ndiyo maana nawasisitizia: inua taya, toa oksijeni, tafuta chanzo. Kama ni mofini, kuna naloksoni ya kuitengua. Kama ni dawa ya kulegeza misuli, tengua ulegevu kwa neostigmini, kwa sababu kuuchochea ubongo wakati misuli haiwezi kuitika ni kumtesa mtu.

Kwa watoto waliozaliwa njiti msimamo wangu ni tofauti. Hao wanaweza kuacha kupumua saa kadhaa baada ya upasuaji mdogo tu, na kafeini ya mshipani huwasaidia kweli.

Halafu kuna wanaokuja na kichangamshi tayari mwilini. Aliyetumia amfetamini muda mfupi uliopita huhitaji gesi nyingi zaidi ili alale. Aliyeitumia kwa muda mrefu huwa ameishiwa noradrenalini, kemikali ya mwili inayouamsha ubongo, hivyo gesi kidogo inamtosha, na kipimo cha kawaida kinaweza kuikandamiza pumzi yake kupita kiasi. Kwa macho siwezi kuwatofautisha. Nikikuuliza kabla ya upasuaji umetumia nini na lini, sikuhukumu. Nataka kujua nifungue gesi kiasi gani.