Gari Liliitwa Vitani, Mimi Nikafuata

Watu wakisikia nilikuwa Uganda mwaka 1979, cha kwanza huuliza niliua wangapi. Sikuua mtu. Nilikuwa dereva wa lori la tani 7. Bunduki niliyopewa ilikaa nyuma ya kiti, nimeiviringisha gunia isiingie vumbi, na naweza kuhesabu siku nilizoifungua. Muda wote nilikuwa nimeshika usukani.

Novemba 1978 nilikuwa Tabora, nimeajiriwa na shirika moja la umma, nasambaza sukari na sabuni vijijini. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera mwishoni mwa Oktoba, na tarehe 2 Novemba tukamsikia Mwalimu redioni: sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Tulishangilia sana pale gereji. Sikujua kwamba Leyland yangu, lile lori, ilikuwa imo ndani ya huo uwezo.

Siku chache baadaye akaja ofisa mmoja wa jeshi na karani wake. Wakazunguka yadi nzima wakigonga matairi kwa mguu. Gari lililowaka liliandikwa, lililogoma likaachwa. Sitaisahau ile karatasi ya makabidhiano: lori moja, tairi la akiba moja, jaki moja, spana za magurudumu mbili, turubai moja, dereva mmoja. Nilikuja baada ya turubai. Nikatia sahihi.

Utingo wangu hakuwemo katika karatasi. Alikuwa kijana wa miaka 17, mwembamba, mbishi. Nilipomwambia arudi kwao alipanda juu ya mzigo akakaa.

"Kaka, ukipata pancha usiku nani atakushikia taa?"

Sikuwa na jibu, basi tukaenda. Kwa kuwa hakuandikwa popote, hakuwa na posho. Tulikula sahani moja kuanzia Mwanza hadi Masaka.

Mafunzo yalikuwa mafupi, maana wengi wetu tulishapitia mgambo. Tulifundishwa kupiga saluti, kulenga shabaha, na kuendesha bila taa. Hilo la tatu ndilo lililonitoa jasho. Unafikiri unajua kuendesha gari mpaka uambiwe uzime taa zote katikati ya pori la Biharamulo, mvua inanyesha, barabara ni ya udongo, na mbele yako kuna gari jingine lenye mizinga au petroli. Difu ya kila lori, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, ilipakwa rangi nyeupe, na kitaa kidogo kikafungwa chini ya bodi kuimulika. Ukiwa juu angani huoni kitu. Ukiwa dereva wa nyuma, unaona kiduara cheupe kinachezacheza gizani, nacho ndicho dunia yako yote. Kikikua ghafla, kanyaga breki. Kikipotea, omba Mungu. Usiku wa kwanza nilikikodolea macho mpaka kikawa viwili, ndipo utingo akaanza kuniimbia nyimbo za ovyo nisilale. Baadaye niligundua ujanja: usikitazame moja kwa moja, tazama pembeni yake kidogo, macho hayachoki.

Mchana nako kulikuwa na mbung'o. Wadudu wale wanapenda kitu kinachotembea, basi lori likipita wanalifuata kama ng'ombe. Ukifunga vioo unapikwa na joto la injini, ukifungua unaumwa. Tulifungua.

Mkondo wetu ulikuwa Mwanza, kivuko cha Busisi, Geita, Biharamulo, Muleba, Bukoba, kisha Kyaka. Daraja la Kyaka lilikuwa limelipuliwa na majeshi ya Amin mwanzoni mwa Novemba, na wahandisi wetu wakaweka la chuma la muda. Lilikuwa na sheria zake: gari moja kwa wakati, gia ya kwanza tangu ukingoni, usibadili gia, usikanyage breki. Lilikuwa linalia. Kila kipande cha chuma kilipiga kelele yake chini ya tairi, na Mto Kagera chini una maji mengi, ya rangi ya chai ya maziwa. Nimelivuka mara nyingi, sikuzoea hata mara moja. Ng'ambo ya pili vijiji vilikuwa kimya. Milango imeng'olewa, mabati yameng'olewa, zizi halina mbuzi. Bibi mmoja aliyekuwa amerudi alitukuta tunachota maji ya rejeta. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia, akauliza, "Mwanangu, huko mnakokwenda mtaniona ng'ombe wangu?" Alikuwa anauliza kweli.

Jinsi nilivyoweza kulitunza lori miezi yote ile ndiyo habari ninayojivunia, ingawa wajukuu wangu hawaipendi. Vipuri havikuwepo. Dizeli ilikuja kwenye mapipa yenye kutu na maji, kwa hiyo sikuwahi kujaza tangi bila kuichuja kwa kitenge kilichokunjwa mara nne, na nililiacha pipa litulie kwanza, robo ya chini siigusi. Springi zilipovunjika tulifungua bamba kutoka kwenye magari yaliyokufa njiani. Lori lililokufa halikukaa siku mbili bila kuchunwa, kama mzoga. Mzigo nao una adabu zake. Makombora ni mazito kuliko yanavyoonekana, ukiyajaza mpaka juu kama magunia ya sukari umevunja ekseli, kwa hiyo unapanga tabaka la chini tu na nafasi inayobaki unaiacha tupu hata kama inakuuma roho. Mafuta na risasi havikai gari moja. Wakati wa kurudi nafasi ile ile ilibeba majeruhi, na hapo unaendesha kwa namna nyingine kabisa. Shimo ambalo ulilirukia asubuhi sasa unalizunguka, na bado mtu nyuma analia.

Askari wa miguu walituonea wivu. Wengi wao walitembea kuingia Uganda, mzigo mgongoni na silaha begani, na wakiona lori hupiga bodi kwa kiganja. "Dereva, sogea kidogo tu!" Sikuruhusiwa. Nilisogea.

Mutukula, pale mpakani, ilishachukuliwa Januari. Masaka iliangukia mikononi mwetu tarehe 24 Februari, na mji ulikuwa umepigwa vibaya sana kwa mizinga. Huko nikajifunza jambo ambalo hatukuambiwa: Kiswahili, lugha yetu ya sokoni na nyumbani, kwao ilikuwa lugha ya mwanajeshi anayekuja kukunyang'anya. Mama aliyekuwa anachekelea alinyamaza nilipofungua mdomo kuuliza njia. Ilichukua siku kadhaa mpaka watoto wakaanza kutukimbilia wakituita wakombozi.

Lukaya, mji mdogo kati ya Masaka na Kampala, ndiko nilikokaribia kufa. Tarehe 10 Machi nilikuwa mkiani mwa msafara nimebeba risasi, nyuma ya Brigedi ya 201, ambayo ilikuwa na mgambo wengi. Jioni roketi za Walibya waliokuja kumsaidia Amin zikaanza kuanguka mbele. Sauti yake ni kama mtu anachana shuka kubwa kichwani mwako. Mara watu wakaanza kurudi, kwanza wawili, kisha kumi, kisha barabara nzima, wengine wakiingia matopeni. Sajenti akanipigia kelele.

"Geuza! Geuza gari!"

"Afande, barabara nyembamba!"

"Geuza!"

Kushoto kinamasi, kulia kinamasi. Nilienda mbele na nyuma mara sita, na mara ya saba gurudumu la nyuma likateleza likazama. Utingo alishuka kabla sijasema. Akafungua tairi la akiba akalisukumia chini ya gurudumu, akapiga jaki ili lipate pa kushika. Udongo ulikuwa laini. Jaki likateleza, na mkono wake ulikuwa chini.

Sikumbuki nilitokaje. Nakumbuka lori lilipanda juu ya lile tairi la akiba, likatoka, na yeye yuko pembeni yangu mkono ameufunga kwa shati, ameniwekea jaki miguuni. Hakuliacha. Kesho yake Brigedi ya 208 iliwazunguka Walibya kutoka ubavuni, na mji ukawa wetu tena, lakini hayo niliyasikia nikiwa Masaka.

Kwenye hema la matibabu waliniuliza namba ya majeruhi. Hakuwa na namba. Nikawapa yangu. Walimkata vidole viwili, wakampeleka Bukoba kwa jina langu, na mimi nikawa nimeandikwa majeruhi aliyerudishwa nyuma. Posho yangu ikasimama miezi miwili. Karani wa malipo aliniangalia nilipofika, akaangalia vitabu vyake, akaniambia kwa upole kwamba mimi niko Bukoba. Kosa langu, na ningelirudia.

Mwishoni mwa Machi nikateremka Mwanza kuchukua mafuta, nikakuta mji mzima unazungumzia ndege ya Libya iliyokuja kupiga matangi. Mabomu yalikosea, yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Kila mtu alicheka. Mimi nilicheka kidogo, maana mafuta yaliyokusudiwa ndiyo niliyokuwa napakia.

Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili, nilikuwa nyuma nashusha unga. Nilifika siku tatu baadaye, nikaegesha kivulini, nikalala chini ya gari mpaka jioni. Vita vyenyewe viliisha tarehe 3 Juni.

Nilirudi na lori Tabora kwa nguvu zake lenyewe, kioo cha mbele kimoja, taa hakuna, bodi imetoboka. Karani wa shirika alitoka na karatasi ile ile, akaanza kuweka alama. Lori moja, vema. Turubai, limechanika ila lipo. Spana mbili, vema. Dereva, vema.

"Tairi la akiba?"

Nikamweleza habari ya Lukaya. Alisikiliza mpaka mwisho, alikuwa mtu mzuri tu, kisha akasema hana mahali pa kuyaandika hayo. Walinikata kwenye mshahara kwa miezi minne.

Habari ya utingo hakuniuliza. Hakuwemo kwenye karatasi.

"Na jaki?"

Nikarudi kwenye kebini, nikalitoa chini ya kiti, nikampa mkononi.