Mayai ya Bibi wa Mferejini

Tangu Jumapili swali la Bibi wa Mferejini halijanitoka kichwani. Juma lenyewe lilikuwa na mambo: Askofu alifika parokiani kutoa Kipaimara na mtoto wa dada yangu alikuwa miongoni mwa waliopakwa mafuta, Jumatano tukamzika yule mzee wa kanda ya juu, umeme ukaenda na kurudi, shule nazo zinajiandaa na mtihani wa darasa la saba. Yote hayo nimeyapitia huku akili yangu iko kwenye mayai sita.

Jumapili ilikuwa ya shukrani ya mavuno kigangoni kwetu. Mahindi ya porini, yaani ya mashamba ya tambarare kule chini, mwaka huu yamekubali, si kama msimu ule wa viwavijeshi niliowaandikia hapa, tulipovuna magunzi. Kwa hiyo maandamano ya vipaji yalikuwa marefu mpaka kwaya ikarudia wimbo mara ya pili. Madebe ya mahindi, mikungu ya ndizi mishare, maharage, maparachichi, kidumu cha maziwa, jogoo aliyefungwa miguu. Na Bibi wa Mferejini katikati ya foleni, anatembea taratibu, kashika kibakuli cha bati chenye maua mekundu, juu kafunika kitambaa alichofuma mwenyewe.

Ndani mlikuwa na mayai sita ya kienyeji. Nilikuwa mezani napokea pamoja na watu wa kamati, kwa hiyo niliyaona kwa karibu. Kila yai lilikuwa na alama ya mkaa. La kwanza mstari mmoja, la pili miwili, hivyo hivyo hadi la sita. Ndivyo anavyofanya ili ajue lipi lilitagwa kwanza. Ana tetea mmoja tu. Mwingine alichukuliwa na kicheche wakati wa masika. Tetea wa kienyeji hatagi kila siku, kwa hiyo ile mistari ilikuwa inaonyesha muda wote ambao Bibi alikwenda kwenye kiota, akachukua yai, akalipiga mkaa, akaliweka. Hakulipika, wala hakumpelekea mwenye duka amkatie deni la sukari.

Sasa kuhusu mnada. Wenzangu mliokulia huku mlimani Kilimanjaro mnaujua utaratibu wetu. Misa ikiisha tunatoka nje, mnadishaji anapanda kwenye benchi, anainua kitu kimoja kimoja juu watu wote wakione. Kuku ananunuliwa, mnunuzi anasema "narudisha," ananadiwa tena. Mwingine anamnunua, anampa mwenyekiti wa kwaya. Jogoo mmoja anaweza kuuzwa mara tatu kabla hajapata mwenyewe. Watoto wanagombania miwa kwa shilingi mia tano walizopewa na wajomba. Ni kelele tupu, na inachukua muda.

Mwaka huu kamati iliamua kuunganisha. Mahindi yote yakamiminwa kwenye magunia, maharage gunia lake, mayai yote kwenye trei. Sababu zao nazijua na si za uongo: Paroko alikuwa na Misa nyingine kigango cha pili, mwaka jana mvua ilitukuta katikati ya mnada, na kuna watu wa mjini walioomba wauziwe kwa wingi wawahi kurudi Moshi. Mambo yakaenda haraka. Fedha ilipatikana ya kutosha, mabati ya sakristia yatanunuliwa, na watu walipiga makofi matangazo yaliposomwa.

Nilikuwa nafunga daftari Bibi aliponifuata.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwalimu. Mayai yangu alinunua nani?"

"Yaliunganishwa na ya wengine, Bibi. Yameuzwa kwa trei."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, Bibi."

Akachukua kibakuli chake mezani, akakifuta kwa ile kanga ya begani ingawa hakikuwa na uchafu wowote. Kisha akasema, bila hasira hata kidogo, "Hata kahawa chamani wanaichanganya. Lakini wanapima kwanza, wanakuandikia." Akashika njia.

Ni hayo tu. Hakunung'unika, hakwenda kwa mwenyekiti, jioni alikuwa msibani kama watu wote. Lakini mimi nikikaa nasahihisha madaftari ya watoto, nasikia "kwa hiyo hujui." Nikiteka maji, nasikia "wanakuandikia." Nimejaribu kulijibu upya lile swali kwa namna nyingi. Ningeweza kusema, "Bibi, Mungu anajua." Ni kweli, ila yeye hakuniuliza Mungu anajua nini. Ningeweza kusema, "Yameisaidia sakristia." Hilo nalo analijua, aliyasikia matangazo kama mimi. Ameuliza kitu kidogo na cha wazi kabisa: nani aliyabeba kwenda nyumbani kwake?

Na mfano aliouchagua si wa kubahatisha. Bibi alibatizwa Kilema, ile misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ya mwaka 1890, sehemu ambayo ni miongoni mwa zile za kwanza mlimani hapa kuoteshwa kahawa. Kanisa na kahawa kwake vilikuja kwa njia moja. Baba yake alikuwa akipeleka kahawa chama cha msingi cha ushirika, na yeye mwenyewe baada ya kufiwa na mume aliendelea kupeleka kwa jina lake, hadi mibuni yake ilipochakaa. Kazi ile naikumbuka kwa marehemu bibi yangu. Unachuma nyekundu tupu, unamenya kwa mashine ya mkono, unavundika, unaosha, unaanika kwenye kichanja na kuigeuza geuza kutwa nzima, mawingu yakitanda unakimbia kuifunika. Ukifika chamani, karani anaweka gunia lako kwenye mzani, anasoma kilo kwa sauti, anaandika jina lako na kukupa stakabadhi. Baada ya hapo ndipo kahawa yako inamwagwa kwenye ya wenzako, na hakuna atakayeitambua tena mpaka mwisho wa dunia. Hakuna mkulima anayelalamikia hilo, maana KNCU, chama chetu kikuu cha ushirika wa kahawa, tangu mwaka 1933 imejengwa juu ya huko huko kuchanganya. Lakini ule mzani unakuja kwanza. Pale kwenye mzani, kwa dakika moja, kazi yako ya mwaka inatazamwa peke yake.

Hilo ndilo lililoniuma. Sisi daftari tunalo. Zaka tunaandika jina kwa jina, kadi kwa kadi. Michango ya ujenzi tunasoma kila jumuiya imetoa kiasi gani, na mwenye kutoa bati zake ishirini tunamtaja na kumpigia vigelegele. Mayai sita yenye alama za mkaa tuliyatia kwenye trei kabla hata mtu wa pili hajayaona.

Nimerudi kusoma Injili ya Marko sura ya 12, pale penye mjane na senti zake mbili. Tumeihubiriwa sana, na mara nyingi tunahimizwa tutoe kama mjane. Usiku wa Jumatatu niliyemtazama zaidi ni Yesu mwenyewe, aliyeketi kuielekea sanduku ya hazina akiangalia watu wanavyotia fedha. Alikuwa amekaa pale kuangalia. Angengoja hesabu ya jioni, asingemjua yule mama. Senti mbili zingekuwa zimeshapotea kwenye jumla. Aliwaita wanafunzi wake akawaonyesha mtu. Mimi naamini kanisa la kijijini, lenye jumuiya za kaya kumi na tano ambazo kila mtu anajua mbuzi wa mwenzake kazaa lini, halina kisingizio cha kushindwa kukaa na kuangalia. Maaskofu wetu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipotia mkazo jumuiya ndogo ndogo katika miaka ya 1970, walitaka watu wajuane kwa majina na kubebana mizigo. Tunajuana. Basi na tuonane pia siku ya kutoa.

Tena kuna jambo ambalo nililisahau mpaka dada aliponikumbusha tukiwa jikoni. Miaka yote Bibi akitoa mayai, Jumapili inayofuata humtafuta aliyenunua. "Yalikuwa mazima?" Anayenunua anacheka, anasema yalikuwa mazima Bibi, tumekula na watoto. Basi wanakaa pale kwenye ngazi wanaongea, watoto wanasalimu, na mara nyingi anapata wa kumsindikiza hadi mfereji. Watoto wake wote wako mbali, mmoja Arusha na mwingine Tanga, na wajukuu anawaona Krismasi. Mayai yale yalikuwa yanamletea mtu wa kuzungumza naye.

Kwa hiyo Alhamisi, sala ya jumuiya ilipokwisha, nikaanza kuuliza. Trei zilikuwa tatu. Mbili zilikwenda Moshi kwenye gari, hizo ndio basi. Ya tatu, akaniambia mama mwenye duka la njiapanda, aliinunua yeye kwa ajili ya mkwewe aliyejifungua juma lililopita. Nikamwomba niione. Aliniangalia kwa mshangao ila akanipeleka jikoni. Yalikuwa yamebaki machache. Nikayageuza moja moja kwenye mwanga wa dirisha, na kwenye kona ya trei likawepo: mistari minne ya mkaa, imefifia kidogo lakini inahesabika. Na pembeni yake lile la mistari sita. Niliruka kwa furaha mle jikoni mpaka mzazi akaita kutoka chumbani kuuliza kuna nini.

Sikungoja Jumapili. Nilishuka hadi kwa Bibi jioni hiyo hiyo, nikamkuta anakata majani ya ng'ombe wa jirani.

"Bibi, mayai yako yapo kwa mama wa njiapanda. Anayakula mkwewe, amejifungua."

Akaweka panga chini. "Kajifungua? Lini? Mtoto gani?"

"Wa kike, Bibi. Juma lililopita."

"Na hakuna aliyeniambia! Maziwa yanatoka?"

"Sikuuliza, Bibi."

"Mayai peke yake hayamtoshi mzazi. Ngoja." Akaingia mgombani, nikasikia panga likipiga shina, akatoka na mkungu wa mshare umekomaa sawasawa kwa mtori. Akanitwisha kichwani. "Mwambie asikose mafupa. Kesho nakwenda mwenyewe kumwona mtoto." Nami nikapanda kilima na mkungu ule, utomvu ukinidondokea begani, na tangu msiba wa Jumatano ilikuwa mara ya kwanza moyo wangu kuwa mwepesi. Ijumaa alikwenda kweli. Nasikia alishinda huko, amemwogesha mtoto, na amekwisha kuuliza ubatizo ni lini na msimamizi ni nani.

Kikao cha kamati tendaji ni mwisho wa mwezi na nimeshaomba nafasi kwenye ajenda. Nitasema tu kwamba vitu vinadiwe kimoja kimoja, hata kama ni mayai mawili. Kama muda ni tatizo, tuanze na vya wadogo, watu wenye magunia wasubiri. Gunia haliozi kwa saa moja. Mwenye kuwahi Moshi awahi. Mwenyekiti nimemgusia kwenye simu, akasema "tutaona, mwalimu," na mimi najua "tutaona" yake. Mtunza hazina yuko upande wangu, na WAWATA, akina mama Wakatoliki, nitaongea nao kabla ya kikao, maana wakikubali wao jambo limekwisha. Nitakuwa nimejiandaa.

Kinachonikosesha usingizi leo ni kingine kabisa. Kaka ameandika kutoka Dar. Anasema akija Desemba anakuja na mtu wa msumeno, ang'oe kahawa yote ya upande wa chini wa kihamba, shamba letu la ukoo, na kuotesha parachichi za kisasa, miche ameshalipia nusu. Hesabu zake amenitumia na sizipingi. Kahawa yetu inaliwa na ugonjwa wa chulebuni kila mwaka, na dawa hatuimudu. Lakini upande wa chini ndiko walikozikwa babu na bibi, na ile mibuni babu aliiotesha kwa mkono wake, na Mama bado anaipalilia magoti yakimruhusu. Kaka ananiambia nimwambie Mama taratibu, kwa kuwa mimi ndiye niko karibu. Mama presha yake ilipanda tena juzi baada ya mazishi, na daktari wa zahanati amesema asishtuliwe. Miche inafika wilayani mwezi wa kumi, na kaka anataka jibu kabla hajalipa nusu iliyobaki.