Machozi yamekauka, huzuni ipo palepale

Mimi ni mwanamume mbadili jinsia, yaani nilipozaliwa nilihesabiwa msichana, na swali ninaloulizwa zaidi tangu nianze testosteroni, homoni ya kiume, halihusu sauti wala ndevu. Watu wanataka kujua kama nimekuwa mkali. Huuliza kwa tahadhari, kana kwamba homoni hii ni pepo linalompanda mtu kichwani. Hapana, sijawa mkali. Hasira imebadilika tabia, nitaieleza, lakini kilichonishangaza zaidi ni kilio, na hicho hakuna anayekiulizia.

Mimi nilikuwa mtu wa kulia. Nikigombana nalia, nikifurahi nalia, nikimwona mtoto nisiyemjua akikabidhiwa zawadi shuleni machozi yananilenga. Niliyoyachukia kabisa ni machozi ya hasira. Nina hoja yangu, nataka kuitoa kwa ukali unaostahili, mara sauti inatetemeka na ninayebishana naye anaanza kunibembeleza badala ya kunijibu. Mjadala umekwisha hapo, na nimeshindwa.

Miezi michache baada ya kuanza sindano, bomba likafungwa. Sikuamka siku moja nikajua. Nilikuja kushtuka tu kwamba ni muda mrefu sijafuta macho. Mwanzoni nilifurahi, tena sana. Halafu akafariki shangazi aliyenilea.

Siku ya maziko nilisimama nikisubiri kulia kama mtu anavyosubiri kupiga chafya. Kila kitu kilikuwa tayari. Koo lilikaba hadi mate hayapiti, taya ziliuma, na nyuma ya macho kulikuwa na joto na uzito. Ila hakuna kilichotoka. Nilijaribu hata kujichokoza: nikakumbuka alivyokuwa akilamba kidole gumba kisha ananifuta tongo machoni, jambo nililolichukia utotoni kuliko yote. Koo likazidi kukaza, macho makavu.

Pembeni alikuwapo baba mkubwa, ambaye hadi siku hiyo alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu jipya. Alinishika bega akasema, "Umejikaza kiume, mwanangu."

Sijui nieleze vipi nilichosikia wakati ule. Neno nililolisubiri miaka yote kutoka kwa mzee yule lilikuja juu ya kaburi, tena kwa sababu isiyo ya kweli. Sikujikaza hata kidogo, nilikuwa naomba nilie. Na bado nitasema ukweli: katikati ya msiba ule, kuna sehemu yangu ilifurahi.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia mwanamume anasifiwa kwa kutolia, nasita. Najua malezi yanafanya kazi kubwa, na nina marafiki waliozaliwa wavulana wanaolia kuliko nilivyowahi kulia mimi. Wapo pia wanaume wabadili jinsia wenzangu ambao machozi yao hayakubadilika hata baada ya miaka ya sindano. Lakini wengi tuliozungumza nao wanasimulia kitu kilekile, kwamba huzuni inafika mlangoni na mlango haufunguki. Wanawake wabadili jinsia wanaotumia estrojeni, homoni ya kike, mara nyingi hunisimulia kinyume chake, machozi yanakuja hata kwa jambo la kuchekesha. Daktari wangu wa homoni hunipima damu kwa bidii ili kuona kama seli nyekundu hazijazidi na damu kuwa nzito, kwani testosteroni inaweza kufanya hivyo. Kuhusu kulia hajawahi kuniuliza. Simlaumu, hakuna kipimo chake.

Sasa hasira. Zamani ilianzia kichwani: niliichambua, niliibeba siku tatu, nilitunga majibu nikioga. Sasa inaanzia mwilini. Mikono inapata joto, kifua kinapanuka, na natamani kusimama hata kama sina pa kwenda. Inakuja haraka na kuondoka haraka. Nikinyamaza kidogo na kutembea hadi mwisho wa barabara, narudi nimesahau nusu ya kesi. Hasira hasara, walisema wahenga, na kwangu hasara ilikuwa kubwa zaidi enzi zile za kuibeba.

Sitasema kwamba mambo yalikuwa laini tangu mwanzo. Nilianza na sindano ya kila wiki mbili. Kiwango cha homoni hupanda siku chache za mwanzo, kisha hushuka taratibu hadi sindano inayofuata, na mimi nilishuka nacho. Siku mbili tatu za mwisho nilikuwa mzito, mvivu, kila mtu ananikera. Daktari aliigawa dozi, nikawa najidunga nusu yake chini ya ngozi ya tumbo kila wiki, na mawimbi yakatulia. Kuna wanaotumia ile ya muda mrefu, ya kila wiki 12 hivi, na wanaopaka jeli kila siku. Kama unajiona mtu mwingine kila mwisho wa mzunguko wa dozi, mwambie daktari kabla hujaamua kwamba ndivyo ulivyo. Hedhi nayo ilipokoma, ziliondoka zile siku za kila mwezi ambazo dunia nzima ilikuwa adui. Hizo sizikumbuki kwa mema.

Nisichoweza kukitenganisha ni kazi ya homoni na kazi ya kuwa na amani. Wasiwasi wangu ulipungua sana, lakini ulipungua wakati uleule sauti ilipoanza kuwa nzito na watu wa simu wakaacha kuniita dada. Nani apewe sifa? Mwaka 2023 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la watu wazima 64 waliotaka testosteroni: baadhi walianza mara moja, wengine wakasubiri miezi mitatu. Walioanza mapema walipungukiwa sonona kuliko waliosubiri. Nafurahi jaribio hilo lipo, lakini halinijibu swali langu, na kwa kweli siku nyingi swali lenyewe halinisumbui. Sonona yangu ya zamani haikufutika yote, bado nina mshauri ninayekwenda kuongea naye. Sindano haikuja kuchukua nafasi yake.

Nilichojifunza kwa nguvu ni kusoma alama nyingine. Machozi yalikuwa yananipa taarifa: umeumia. Sasa lazima niulize koo, niulize taya. Nikiona nimeosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, najua kuna jambo. Nalitaja kwa sauti, hata nikiwa peke yangu: nimemkumbuka shangazi. Kulitaja kunasaidia kidogo, si kama kulia, tusidanganyane. Kulia kwikwi na kulala usingizi mzito baadaye ni starehe ambayo sikujua naiacha.

Dada yangu ndiye aliyechelewa kuzoea. Kwa muda alidhani nimempuuza, maana analia kwenye simu na mimi nipo kimya kama karani. Tuligombana, nikamweleza habari ya koo. Siku hizi akinipigia na habari mbaya, anaitoa, ananiacha nipumue, kisha anauliza, "Kaka, koo likoje?" Nami namwambia ukweli. Juzi nilimwambia linauma sana. Akasema basi atalia kwa niaba yetu sote wawili, na akalia, huku akinitania kwamba nimemwongezea kazi.