Mbia wako anapokupeleka polisi

Dada yangu amefutiwa shtaka leo. Naandika kwa ajili ya yeyote aliye kwenye biashara ya ubia.

Biashara yao ilikufa. Mwenzake akadai mtaji wake, akakosa, akaenda polisi. Mkataba uliovunjika ukageuka shtaka la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Dhamana, tarehe za kutajwa kesi zisizoisha, watu kumwita tapeli. Iliniuma sana kumwona anavyokonda.

Kupata hasara si jinai, wala kushindwa kulipa deni peke yake si utapeli. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe, bila kuacha shaka ya maana, kwamba mtu alidanganya na nia ya kulaghai ilikuwepo wakati anapokea fedha. Kesi ya madai haihitaji ushahidi mzito kiasi hicho. Kilichomwokoa dada ni taarifa za benki: fedha zote ziliingia akaunti ya biashara, zikalipa pango na bidhaa. Pia meseji alizomtumia mwenzake mapema kumweleza kuwa mauzo yanashuka.

Sisemi polisi wasihusishwe kabisa. Mbia akighushi ankara, au akiuza mali ya biashara kimyakimya na kutia fedha mfukoni, ashtakiwe. Ninachopinga kwa moyo wote ni kutumia mahabusu kukusanya deni.

Mwenzake bado anaweza kufungua kesi ya madai, na nadhani atafungua. Dada atajibu kwa hesabu zilezile.